Fundi Aliyeuliza Rangi

Wanafunzi wote tuliopita kwenye maabara ile tuliamini kwamba Fundi alituuliza rangi ili tujifunze kutazama. Ukishachuja mchanganyiko wako, unga ukabaki juu ya karatasi, alikuja na raba zake zisizo na sauti, akainama juu ya meza, mikono nyuma, na kuuliza:

"Rangi gani?"

Ukijibu "nyekundu" hakuridhika.

"Nyekundu ya nini?"

"Ya tofali, Fundi."

"Tofali jipya au lililonyeshewa?"

Basi unainama tena, unatazama kama mtu anayetafuta sindano, unasema lililonyeshewa, na yeye anaitikia kwa kichwa na kuandika. Wahadhiri walimsifu kwa njia hiyo. Mmoja alidiriki kutuambia darasani kwamba nusu ya kemia ni macho, na kwamba macho yetu tumepewa na Fundi.

Hakuwa mhadhiri. Kwenye karatasi za ajira alikuwa fundi sanifu wa maabara, na kuanzia mkuu wa idara hadi mama wa usafi, hakuna aliyemwita vinginevyo. Alikuwa Mhindi wa mjini hapa hapa, asubuhi hekaluni Kisutu, jioni sokoni Kariakoo, na Kiswahili chake kwenye simu kingekufanya umtafute katika nyumba zote za Gerezani isipokuwa ya kwake. Chuo chenyewe sitakitaja. Kilikuwa katikati ya jiji, karibu na barabara ya malori yanayotoka bandarini, na maabara yetu ilikuwa ghorofa ya pili.

Mimi nilikwenda pale kusomea shahada ya uzamili. Kazi yangu naweza kuieleza hivi. Ukichemsha aldehaidi na amini ndani ya spiriti safi, vinaungana na kukupa kitu cha njano kinachong'aa, kinachoitwa besi ya Schiff. Kitu hicho kina tabia ya kushika metali kama vidole vinavyoshika kokoto. Unakipa shaba, unakipa kobalti, nikeli, zinki, na kila metali inapokamatwa inatoa rangi yake. Kutengeneza ni sehemu rahisi. Ugumu ni kujua vidole vimekaaje. Vimelala bapa kuizunguka metali, au kuna vingine vimeingia kwa juu na kwa chini? Rangi inakudokeza, sumaku inakudokeza, lakini jibu la uhakika linatoka kwenye fuwele moja nzuri iliyopigwa eksirei, na mashine ya kazi hiyo sisi hatukuwa nayo. Fuwele zilisafiri nje ya nchi, kwenye mkoba wa mtu yeyote wa idara aliyepata safari.

Na fuwele pale chuoni alizikuza Fundi.

Sijaona mtu mwenye subira kama yake mbele ya bika la kioo, wala mwenye papara kama yake mbele ya binadamu. Foleni ya mabasi ya mwendokasi ilimshinda. Alitoka Kariakoo kwa miguu kila siku na kufika analalamika juu ya watu ambao hakupanda nao. Mkutano ukizidi nusu saa, aliondoka bila kuaga. Lakini bika la mwanafunzi alilifunika kwa karatasi ya alumini, akaitoboa kwa sindano ya kushonea, akaliweka juu ya taulo lililokunjwa, kwenye kabati la ukuta wa nyuma ambako mtikisiko wa malori haukufika, na hapo aliweza kungoja mwezi mzima bila kuligusa.

"Usizichungulie," alituambia. "Ukizichungulia kila saa, utakuta tope."

Alikuwa na mambo yake. Pombe hakunywa maishani, lakini alinusa chupa ya spiriti na kukwambia kama imeingia maji. Nyama na samaki havikuingia kwake, na bado kila Ijumaa alimletea dagaa paka wa uani, amewafunga kwenye gazeti, amelishika kwa ncha za vidole, mkono umenyooka mbele kama amebeba bomu. Tulicheka. Naye alicheka, ila alikataa katakata kumtuma mtu mwingine. Paka alikuwa wake.

Lebo aliandika kwa penseli tu. Wino, alisema, unakunywa spiriti na kusahau jina lake. Daftari lake kubwa la fuwele nalo liliandikwa kwa penseli: jina la mwanafunzi, metali, kimiminika, siku ngapi, umbo, rangi. Yalikuwepo madaftari ya namna hiyo rafu nzima. Wahadhiri walipobishana kuhusu kazi iliyofanywa zamani, walishuka kwa Fundi, naye alivuta daftari na ubishi ukaisha.

Siku nilizokaribia kuacha shule, ni yeye aliyenizuia. Nilikuwa nimechemsha mara tatu na mara zote tatu nimepata kitu cheusi kinachonata, kama lami ya barabara. Nilijificha stoo nikalia. Akafungua mlango, akaniona, akaufunga tena nusu.

"Umeandika?"

"Niandike nini, Fundi? Ni lami."

"Lami nayo ni kitu kilichotokea. Nenda kaandike lami. Ukimaliza, njoo nikuonyeshe kukausha spiriti, maana yako ina maji na wewe hutaki kukubali."

Nikaenda, nikaandika. Wiki ile nzima alisimama nami. Mara ya nne nilipata njano safi kabisa, na alipouliza rangi gani nikasema "ya ganda la ndizi mbivu," akapiga meza kwa kiganja kwa furaha. Aliniita binti tangu siku ile. Wengine waliitwa kwa majina ya metali zao. Kijana mmoja mrefu tulimjua kama Zinki mpaka alipohitimu.

Siri yake niliijua sokoni. Nilikuwa Kariakoo Jumamosi moja kumnunulia mama mboga, nikamkuta Fundi kwenye meza ya nyanya. Alikuwa ameshika nyanya mbili, moja imeiva, nyingine mbichi kabisa, ya kijani, akiziminya kwa dole gumba huku na huku. Muuzaji, mama mmoja wa makamo, alizichukua mkononi mwake bila neno na kumchagulia nzuri, kwa namna iliyoonyesha kwamba ndivyo wafanyavyo siku zote.

"Shikamoo, Fundi."

Alishtuka. "Marahaba."

Nadhani niliitazama ile nyanya mbichi muda mrefu kuliko adabu. Akanivuta pembeni, penye magunia ya vitunguu.

"Nyekundu na kijani," alisema, "kwangu ni mapacha. Tangu utoto. Njano naiona, bluu naiona kuliko wewe. Hizo mbili, hapana."

"Kwa hiyo ukituuliza maabara..."

"Nauliza kwa sababu sijui." Akacheka kidogo. "Nyinyi mkasema ni ufundishaji, nikanyamaza. Ujanani nilikwenda uwanjani, mimi mtu wa Jangwani kabisa, wa jezi za kijani, nikakaa katikati ya jezi nyekundu za mahasimu dakika arobaini na tano. Nikawa nashangaa, mbona tukifunga hawashangilii?"

Tulicheka hadi muuzaji wa vitunguu akatugeukia. Halafu akaacha kucheka.

"Binti, hili libaki hapa hapa sokoni. Wakijua, watanitoa. Mimi sijawahi kuandika rangi niliyoikisia. Hata moja. Kila rangi iliyo kwenye madaftari yale, kuna mtu mwenye macho amenitajia."

Nikamwahidi. Sikuiona kama ahadi nzito. Nani angeniuliza?

Nikeli ndiyo iliyonifikisha pabaya. Unga wangu wa nikeli ulikuwa mwekundu, na haukuvutwa na sumaku; dalili kwamba vidole vinne vimeishika bapa. Niliandika hivyo, nikajenga sura nzima ya tasnifu juu ya hilo. Ilibaki fuwele ya kuthibitisha. Fundi akaniwekea bika kabatini. Spiriti ya kuyeyushia nilitakiwa kuikausha upya, naye akanikumbusha, lakini siku hiyo nilikuwa na haraka, nikatumia iliyokuwa mezani.

Zikapita wiki tano. Mhadhiri mmoja akapata safari, na mchana wa siku ya safari yake Fundi akafungua kabati na kunikabidhi bika. Chini yake zilikuwepo fuwele nzuri mno, zenye kingo kama zimekatwa na wembe. Akaziweka chini ya hadubini, akatazama umbo, akafurahi. Kisha akashika penseli.

"Rangi gani?"

Zilikuwa za kijani.

Nilijua maana yake. Maji yalikuwa yameingia, yameikamata nikeli juu na chini, na hii haikuwa tena ile ya kwenye tasnifu yangu. Nilijua pia angesema nini: usitume, kausha spiriti, anza upya, wiki tano nyingine. Tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imekaribia na gari la uwanja wa ndege lilikuwa linanguruma pale chini. Nikajiambia kwamba labda ni mwanga wa dirisha. Uongo huo wa kujiambia ulinichukua muda mrefu kuliko ule niliomwambia yeye.

"Nyekundu," nikasema.

Aliniangalia. Penseli ilisimama juu ya karatasi. Halafu akaandika: nyekundu.

Majibu yalirudi wiki ya utetezi wa tasnifu yangu. Mtahini kutoka nje ya chuo, mtu mpole mwenye sauti ndogo, aliweka karatasi mbili mbele yake.

"Ripoti ya eksirei inasema fuwele ni za kijani, na nikeli imeshikwa sehemu sita, mbili zikiwa na molekuli za maji. Wewe umeandika nyekundu, na nne. Rangi hii uliiandika wewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Wangenirudisha maabara miezi michache, labda mwaka, basi. Nimekaa na hesabu hiyo miaka yote hii na haijawahi kunitolea jibu jingine.

"Imetoka kwenye daftari la Fundi," nikasema. Walikuwa bado wananitazama, nikaogopa ukimya wao, nikaongeza: "Fundi haoni rangi. Nyekundu na kijani hawezi kuzitofautisha."

Mkuu wa idara alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Halafu akamtuma mtu amwite.

Waliweka mezani chupa mbili ndogo zilizobanduliwa lebo, moja ina unga mwekundu, nyingine wa kijani. Fundi aliingia akiwa amevaa koti lake jeupe, na akaelewa kabla hajafika mezani. Mkuu wa idara akamwomba, kwa heshima, aseme ipi ni nyekundu. Hakuzitazama chupa. Alinitazama mimi.

"Sijui," alisema.

"Fuwele za binti huyu, uliandika nyekundu. Uliziona wewe mwenyewe?"

"Niliandika mimi. Mwandiko ni wangu."

Hakunitaja. Akauliza kama kuna jingine, wakasema hakuna, akatoka na kufunga mlango taratibu.

Mimi nilifaulu. Waliniambia nibadilishe sura ile, na sura mpya ikawa nzuri kuliko ya kwanza, kwa sababu nikeli inayogeuka kutoka nne kwenda sita ni habari ya kuvutia kuliko nikeli iliyotulia. Tuliichapisha kwenye jarida. Nikaajiriwa pale pale.

Yeye walimhamishia stoo ya samani, na hakukaa. Alipoondoka hakukuwa na chai ya kumuaga. Kila mtu alidhani mwingine ameipanga. Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Kikao kiliamua kwamba rekodi za mtu asiyeona rangi haziaminiki, zote, za miaka yote. Nilikuwepo. Nilikuwa mhadhiri msaidizi, nimekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na nilijua kwamba kila rangi mle ilitajwa na mwanafunzi mwenye macho yake mawili. Sikunyoosha mkono. Madaftari yalifungwa kamba na kupakiwa kwenye kirikuu pamoja na viti vibovu. Nikachungulia dirishani mpaka gari likakata kona.

Miaka ikaenda. Nikawa nawaagiza wanafunzi wangu waandike rangi kwa kirefu, nao wakawa wanawasimulia wenzao kwamba nina njia nzuri ya kufundisha. Sikuwasahihisha.

Mwaka huu, mizani ya dada yangu iliharibika. Anauza maharage na mchele karibu na soko la Kariakoo, na mizani yake ilikuwa imeanza kugoma, mshale hauteremki. Akaniambia, "Ipeleke kwa yule mzee wa Kihindi, nyuma ya maduka ya vyombo. Mizani zote za soko hili anatengeneza yeye."

Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa amekaa kwenye stuli, kainamia mizani iliyofunguliwa, anapuliza vumbi kwenye springi. Jirani yake, kijana mmoja, alikuwa anatengeneza feni.

"Shikamoo, Fundi."

Aliinua uso. Amekonda, nywele zimeisha, miwani imefungwa kwa uzi.

"Marahaba, binti," alisema, kama vile nilikuwa nimetoka jana. "Weka hapo. Ina nini?"

Nikaeleza ya mizani. Akaifungua. Nikakaa kwenye kreti la soda na kusema kile nilichokuwa nimekikariri bila kukusudia, barabarani, bafuni, kwenye vikao.

"Zile fuwele zilikuwa za kijani, Fundi. Niliziona kijani."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Wewe ulikuwa unanitajia tofali, ndizi, kutu, chai ya rangi. Siku ile ukanipa neno moja na ukatazama dirishani." Akazungusha skrubu. "Nilipaswa kuita mtu mwingine atazame. Ningeita mwanafunzi wa pili, angeniuliza kwa nini wawili. Nikaogopa, nikaandika. Basi. Hiyo ni yangu, usiichukue."

"Kwa nini hukusema mbele yao?"

"Niseme binti ameniongopea, mimi sioni? Unadhani wangesikia lipi kati ya hayo mawili?"

Nikamwomba radhi. Nilitumia maneno mengi, na yeye akayaacha yote yapite. Nilipomaliza alisema, bila ukali:

"Nilikukasirikia sana. Bado nimekasirika. Si kwa ajili yangu tu, ni kwa yale madaftari. Yalikuwa kweli."

"Nifanye nini, Fundi?"

Nilitegemea aseme yameshapita. Wazee wengi wangesema hivyo, na nakiri nilikuwa nimejiandaa kulia kidogo, nishukuru na kwenda zangu.

"Andika," alisema. "Kwa mkuu wa idara. Usiandike kwamba mimi ni mtu mwema. Andika kilichotokea."

Iliniwia vigumu kuliko tasnifu. Masika yalianza, Jangwani ikajaa maji, barabara ikafungwa na kufunguliwa, na barua ilikuwa bado kwenye droo. Mara mbili niliiandika upya ili nionekane mdogo kuliko nilivyokuwa wakati ule. Mwishowe nikaandika mistari michache tu, nikaipeleka. Ikagongwa muhuri. Nimeitwa kujieleza, na kikao kijacho kitaamua la kufanya nami. Kuhusu madaftari hakuna la kuamua. Hakuna anayejua kirikuu kilikwenda wapi.

Nilimpelekea nakala asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika. Miwani yake, alisema, haisomi tena herufi za kompyuta.

"Nisomee."

Nikatazama pembeni. Fundi feni alikuwepo, na wateja wawili wameshika mizani zao wanangoja.

"Hapa?"

"Wewe unaona wapi pengine?"

Nikaanza. Nilisoma kwamba kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa fundi wa maabara wa idara yetu, kwamba ndiye aliyekuza fuwele zote zilizopelekwa kupimwa nje, na kwamba ndiye aliyenifundisha kazi ninayoifanya hadi leo. Fundi feni akaacha bisibisi yake.

"Mzee, kumbe? Si ulituambia pale chuo ulikuwa mlinzi?"

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta sahani ya mizani kwa kitambaa, anaifuta mahali pale pale. Aya iliyofuata ilianza na neno nilidanganya, na watu watatu walikuwa wananitazama mdomo.

"Mbona umenyamaza?" alisema bila kuinua uso. "Endelea kusoma."